Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi

Wazee walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake, mtu amwonapo mwingine amebeba mzigo huuona mwepesi kama usufi, kwa kuwa haumlemei yeye. Methali hii yatupasa kuikumbuka sisi wa Njombe na Makambako, kwani karibu kila nyumba ina mtu abebaye vitu vizito: magunia ya viazi na mahindi, makreti ya parachichi, mbao, saruji, kuni na maji.

Makambako ni njia panda. Barabara itokayo Songea kwa kupitia Njombe hukutana hapo na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita hapo hapo. Mazao na mbao za milimani hupakiwa na kupakuliwa huko mchana na usiku. Mwenye mali huhesabu magunia yaliyopanda gari. Lakini ni nani ahesabuye migongo iliyoyapandisha?

Mgongo ulivyoumbwa

Mwenyezi Mungu aliuumba uti wa mgongo kwa pingili nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili pana kisahani cha gegedu, kigumu pembeni na laini katikati, ambacho hupokea uzito wa mwili. Mtu akiinama na kunyanyua mzigo kwa nguvu, hasa huku akijipinda, kisahani cha kiunoni chaweza kupasuka na kusukumwa nje. Kikiugusa mshipa wa fahamu, maumivu hushuka toka kiunoni mpaka mguuni, na mtu hodari hushindwa hata kuinuka kitandani.

Tena, uzito hutegemea mzigo uko mbali kiasi gani na mwili. Shika jembe karibu na chuma chake, utaliona jepesi. Lishike mwisho wa mpini, ulinyoshe mbele yako, na mkono utaanza kutetemeka. Jembe ni lile lile. Basi, gunia lililoshikwa mbali na tumbo hulemea kiuno mara nyingi kuliko gunia lililokumbatiwa.

Lumbesa

Sote twalijua lumbesa: gunia lililojaa, kisha likaongezewa kichwa juu na kushonwa kwa kamba. Mkulima hulipwa bei ya gunia moja, lakini ametoa gunia na nusu. Hiyo ndiyo hasara ya kwanza. Hasara ya pili humwangukia mpakiaji alibebaye begani, na yeye hulipwa vile vile kwa gunia moja.

Sheria ya Vipimo ya nchi yetu yakataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo hufundisha kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lakini tuelewane: kilo 100 ni kipimo cha biashara, si kipimo cha mgongo. Shirika la Kazi la Kimataifa, katika mapendekezo yake ya mwaka 1967, lilishauri kwamba mwanamume mzima asibebeshwe peke yake zaidi ya kilo 55, na wanawake wapewe mizigo mipungufu sana kuliko hiyo. Majirani zetu wa Kenya, katika kanuni zao za viazi za mwaka 2019, waliagiza gunia la viazi lisipite kilo 50. Gunia la kilo 100, basi, ni mzigo wa watu wawili, na lumbesa si mzigo wa mtu kabisa.

Mjini siku hizi vijana hulipa fedha ili wakanyanyue vyuma kwenye mashine za mazoezi. Mashine hizo zina pini ya kuchagulia uzito. Kijana mwenye busara huanza na uzito mdogo, huongeza kidogo kidogo wiki kwa wiki, na akichoka huacha. Wengine hutengeneza vyuma vyao nyumbani kwa makopo na saruji, na kanuni ni ile ile. Mpakiaji wa viazi hana pini. Uzito wake huchaguliwa na mtu mwingine, yule ajazaye gunia shambani.

Namna ya kunyanyua

Yafuatayo yafaa shambani, sokoni, na hata kwa kijana wa mazoezi.

Kwanza, upime mzigo kabla ya kuunyanyua. Usukume kidogo kwa mguu. Ukikataa kusogea, mwite mwenzako. Kuomba msaada si aibu.

Pili, itazame njia. Ondoa mawe, ukaushe utelezi, ujue mahali pa kuutua mzigo.

Tatu, tanua miguu, chuchumaa kwa magoti, mgongo ukiwa umenyoka. Ukumbatie mzigo, kisha inuka kwa nguvu ya mapaja, polepole, bila kuushtua. Usizuie pumzi, itoe wakati wa kuinuka.

Nne, ukitaka kugeuka, geuza miguu. Usikipinde kiuno huku umebeba.

Tano, mkiwa wawili, mmoja ahesabu, wote wanyanyue pamoja na kutua pamoja. Wengi huumia kwa sababu mwenzao aliachia ghafula.

Sita, mwacheni toroli, mkokoteni na ubao wa kupandia gari vifanye kazi. Na mbao zilizopasuliwa leo zimejaa maji. Zikianikwa zikauke, hupungua uzito sana.

Asubuhi za Juni na Julai, baridi ikiwa kali huku kwetu, usianze na mzigo mkubwa. Tembea, nyosha viungo, beba vyepesi kwanza. Wala usijidanganye kwamba ulanzi huongeza nguvu. Ulanzi hupunguza tahadhari na kuficha maumivu, na maumivu ni mlinzi wa mwili. Hata mkanda wa kiunoni haugeuzi mgongo kuwa chuma.

Mama na watoto

Mwanamke mwenye mimba asibebe vizito, wala yule aliyejifungua juzi. Baba wa nyumba asione haya kuchukua ndoo na mzigo wa kuni. Jirani wakicheka, na wacheke. Kuni zifungwe mafungu madogo, na safari ziwe mbili badala ya moja.

Mifupa ya mtoto bado inakua. Kumsaidia mzazi kwa kadiri ya nguvu zake ni malezi mema. Kumpeleka sokoni kupakia magunia si malezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumpa mtoto kazi yenye kudhuru afya yake.

Dalili za kuangalia

Maumivu mengi ya mgongo hupona yenyewe baada ya wiki chache. Mgonjwa asilale kitandani siku nyingi. Atembee kidogo kidogo, aache mizigo, wala asikubali kukanyagwa mgongo. Lakini akiona ganzi katikati ya mapaja, miguu inalegea, au ameshindwa kuuzuia mkojo au haja, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ngiri: uvimbe kwenye kinena utokao wakati wa kunyanyua waonyeshwe mganga wa hospitali. Ukiwa mgumu, wenye maumivu makali na kutapika, msingoje kesho.

Dhamiri ya mwenye gunia

Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanya kazi, alifundisha kwamba si haki wala utu kumlemeza mtu kwa kazi hata mwili wake ukachakaa. Bwana wetu naye aliwakemea wale wanaowatwika wengine mizigo wasiyoigusa wao wenyewe. Maneno hayo hayawahusu matajiri peke yao. Yamhusu kila mmoja wetu mwenye shamba, sindano na kamba.

Mtu atasema: "Nikikataa lumbesa, mnunuzi atakwenda kwa jirani." Ni kweli, mmoja akikataa peke yake atabaki na viazi vyake. Basi wakatae wote. Jumuiya ndogo ndogo hukutana kila wiki, na vyama vya ushirika vipo. Wakubaliane kijiji kizima kuuza kwa kilo, wanunue mizani kwa shirika, na wafungashe magunia ya kilo 50. Ujira wa wapakiaji nao ukadiriwe kwa uzito, wasidhulumiwe. Hapo mkulima atapata bei ya jasho lake, na mpakiaji atarudi nyumbani akiwa mzima.

Kwa maana baba akivunjika mgongo, hakuvunjika peke yake. Ada ya shule husimama, shamba hulala, na mama hubeba mizigo ya wawili. Simoni wa Kirene aliingia chini ya msalaba ili kuupunguza uzito wa Yesu. Nasi tunaposhona mdomo wa gunia, tumfikirie yule atakayeingia chini yake.