Motokaa ya Kwendea Porini na Watoto: Tazama Chini Kabla ya Kutazama Rangi

Ndugu wasomaji, askari anapostaafu na kukabidhiwa kiinua mgongo chake, hupata marafiki wapya wengi ambao hakuwa nao jana. Mmoja wao, aghalabu, ni muuza magari. Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya siku hiyo, kwa kuwa fedha iliyochumwa kwa jasho la miaka thelathini yaweza kupotea katika alasiri moja.

Baba yangu mdogo alistaafu katika jeshi la polisi akiwa sajini, na sehemu kubwa ya utumishi wake ilikuwa ya udereva. Alitamani kununua pikapu ya milango minne. Siku za kazi ingechukua mahindi na ndizi kupeleka sokoni. Siku za mapumziko ingempeleka yeye na jamaa yake hadi bonde la Kidepo, kaskazini mashariki mwa Uganda, alikolinda usalama alipokuwa konstebo kijana. Watoto wake walikuwa wamesikia habari za Kidepo tangu utotoni bila kuiona. Akaniambia, "Mwanangu, twende pamoja Kampala ukanisaidie kuchagua, maana wewe lilikwisha kukufika."

Yaliyonifika

Ni kweli, lilinifika. Katika likizo moja ya mwezi wa Agosti niliwachukua mke wangu na watoto wetu wawili kwenda kuzuru Karamoja. Nilikodi pikapu iliyopendeza macho: ilikuwa imeinuliwa juu, ina magurudumu makubwa, chuma kinene mbele, na taa sita juu ya paa. Nikaamini kwamba gari lenye sura ya simba lina moyo wa simba.

Kutoka Kampala hadi Kitgum njia ni ya lami, na hatukuona tabu. Tulipokwisha kuipita Orom tukielekea Karenga, mvua ikanyesha. Wenyeji wa Karamoja wanaujua udongo wao mweusi: ukikauka hupasuka, na ukilowa hunata mithili ya ugali mbichi. Gurudumu moja la nyuma liliingia shimoni, la pili likaning'inia, nalo likazunguka bure hewani. Nilipozidi kukanyaga mafuta tukasikia mlio mkali chini. Kiungo cha propela kilikuwa kimevunjika. Tuligawana chupa mbili za maji na biskuti, tukalala garini hadi asubuhi, mtoto mdogo akiuliza kila saa kama simba wanaweza kufungua mlango.

Fundi aliyetutoa alinionyesha sababu. Gari lile halikuinuliwa kiwandani. Mtu alikuwa ametia vipande vya chuma juu ya springi za nyuma ili kuliongeza kimo, propela ikapinda pembe isiyoiweza. Ile nguo ya safari ilikuwa imevishwa mwili usiokuwa wa safari.

Kiwanda na gereji

Hapo ndipo penye tofauti ninayotaka ieleweke. Kiwanda kinapotayarisha pikapu kwa njia mbovu, hupima vitu vyote kwa pamoja: springi, shokamzoba, breki, usukani, uzito na kimo. Anayebadilisha kimoja gereji huviacha vingine kama vilivyokuwa. Gari lililopandishwa juu pia hupinduka kwa wepesi zaidi, kwa kuwa uzito wake umepanda pamoja nalo.

Hata kiwanda chenyewe hakisamehewi. Mwaka 2016 gazeti la magari la Sweden, Teknikens Värld, liliijaribu Toyota Hilux kwa kukwepa kizuizi ghafla, na gari likainuka likasimama kwa magurudumu mawili. Ikiwa gari lililotoka kiwandani laweza kuyumba hivyo, je, lile lililoinuliwa kichochoroni bila kipimo chochote litakuwaje ng'ombe akikatiza njia?

Mambo manne ya kutazama

Kwanza, gia nzito. Magurudumu manne yanayovuta hayatoshi; hapana budi pawe na gia za pili za mwendo wa polepole na nguvu nyingi, zitumiwazo kupanda mlima wa mawe au kushuka bila kuchosha breki. Kabla ya kulipa, ziingize gia hizo mahali penye udongo, usogee mbele na nyuma, usikilize. Gari lililokaa miaka bila kuzitumia laweza kuzikataa. Jihadhari pia: katika pikapu nyingi, kuendesha kwa magurudumu manne juu ya lami kavu huumiza mitambo. Aina chache tu, kama Mitsubishi L200 zenye mtambo wa Super Select, zimetengenezwa kuruhusu jambo hilo.

Pili, kufuli ya difu. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye gurudumu lenye wepesi, na ndiyo maana gurudumu langu lilizunguka hewani huku mwenziwe akitulia matopeni. Ukiifunga kufuli, magurudumu yote mawili huzunguka sawasawa. Tafuta kitufe chenye picha ya ekseli na alama ya X. Kikiwako, kijaribu, na ukishatoka matopeni kifungue, kwa sababu gari lililofungwa difu hukataa kukata kona.

Tatu, tumbo la gari. Lala chini na tochi. Tazama kama bamba la chuma linalokinga injini lipo na kama limejikunja. Tazama kutu kwenye chasisi, kwani magari mengi hutoka Japani, na katika mikoa yake ya theluji barabara hunyunyiziwa chumvi ilayo chuma. Tazama ndoano za kuvutia: ziwe zimefungwa kwenye chasisi, zisiwe pambo la bamba la mbele.

Nne, maji. Viwanda hutaja kina ambacho gari laweza kuvuka: Hilux ya toleo la mwaka 2015 ni sentimeta 70, na Ford Ranger ya toleo la mwaka 2011 ni sentimeta 80. Kumbuka kwamba hicho ni kipimo cha maji yaliyotulia. Mto unaokimbia usiupime kwa kitabu. Ngoja upungue.

Hesabu ya uzito

Akina mama, hesabu hii ni yenu, kwa kuwa ninyi ndio mpangao mizigo. Watu watano wazima ni kama kilo 350. Lita 100 za maji ni kilo 100. Hema, magodoro, sufuria, chakula na gurudumu la akiba hufika kilo 150 kwa urahisi. Chuma cha mbele, winchi na tangi la pili la dizeli lililojaa huongeza 200. Jumla ni kilo 800, nanyi hamjapakia hata gunia moja la mahindi! Pikapu ya kawaida ya kazi hubeba tani moja au karibu yake. Kiasi kamili kimo katika kitabu cha gari.

Hapa msomaji ajue kwamba kila kizuri kina gharama yake. Ford Ranger Raptor, iliyotoka mwaka 2018, ilitayarishwa kiwandani kwenda mbio porini: ilipewa springi za mviringo nyuma badala ya zile za mabapa. Inalainisha mashimo kwa namna ya ajabu, lakini uwezo wake wa kuvuta trela ni kilo 2,500, ilhali Ranger ya kawaida huvuta 3,500. Mwenye kutaka kuchukua mahindi Jumatatu na watoto Jumamosi afikiri mara mbili. Land Cruiser ya namba 79 ni mzoefu wa majeshi na haichoki, ila bei yake huchosha mnunuzi. Isuzu D-Max huunganishwa Nairobi, na hilo si jambo dogo siku unapotafuta vipuri. Aidha, kwa sheria iliyopitishwa Uganda mwaka 2018, gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi haliruhusiwi kuingizwa nchini. Basi soma mwaka wa kutengenezwa kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Mkanda wa mtu wa sita

Kule kwenye bondi ya magari tulikuta pikapu mbili. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, imeinuliwa, inang'aa. Ya pili ilikuwa ya kijivu, haina pambo hata moja, lakini kitufe cha difu kilikuwepo, gia nzito ziliitika, na chini yake palikuwa pakavu. Muuzaji aliisifia nyekundu kwa nusu saa. Baba Mdogo alivua koti, akalala chini ya zote mbili, akainuka na vumbi mgongoni. "Hii nyekundu ina vipande vya chuma juu ya springi," akasema.

Ndipo Mama Mdogo, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akauliza, "Mikanda ni mingapi?" Muuzaji akajibu mitano. "Sisi tu watu sita." Muuzaji akacheka, akapiga kofi ubavu wa sanduku la nyuma: "Mama, huyu wa sita atakaa hapa, afurahie upepo!"

Mama Mdogo akamgeukia mumewe. "Afande, wewe miaka yote hiyo uliwaokota barabarani watoto waliokuwa wakifurahia upepo. Leo utampakia wako?"

Baba Mdogo hakujibu upesi. Nilimwona akitazama sanduku lile kama mtu anayeona jambo ambalo wengine hatulioni. Hatimaye akasema, "Tutakwenda watano. Mmoja atakwenda mwakani." Kijana wao mkubwa alijitolea kubaki na ng'ombe.

Waliinunua ya kijivu, wakasafiri Desemba, majira ya kiangazi. Waliona nyati na tembo katika bonde la Narus, na mto Kidepo waliukuta mchanga mtupu katikati ya mivumo. Baba Mdogo alipunguza upepo wa magurudumu, akaingiza gia nzito, akavuka taratibu bila hata kugusa kufuli ya difu. Upande wa pili alijaza tena upepo kwa pampu yake. Waliporudi, kijana yule alimlaki baba yake uani kwa swali moja tu: mwakani tutaondoka tarehe ngapi?

Ndugu msomaji, vyote ving'aavyo si dhahabu. Beba tochi, beba kitambaa cha kulalia, na umchukue mkeo. Hesabu mikanda kabla ya kuhesabu taa.