Kazi ya Kujitolea na Milki ya Maji: Mafunzo ya Chemchemi za Mang'ola

1. Tatizo lenyewe

Katika matawi yetu neno "kujitolea" limezoeleka mno hata maana yake imeanza kufifia. Siku iliyopangwa wananchi huitwa mtoni. Huokota taka, hupanda miche, kiongozi huhutubia, kisha kila mtu hurudi kwake. Baada ya miezi michache taka zimerudi na miche imeliwa na mbuzi. Hapo hawakosekani makada wa kusema kwamba wananchi wa mahali pale hawana mwamko.

Makala hii inayakataa maelezo hayo. Mkulima anayeamka saa tisa za usiku kusubiri zamu yake ya maji haihitaji hotuba ya kumweleza thamani ya maji. Tunalopaswa kuuliza ni hili: nani anatoa jasho kuuhifadhi mto, na nani anafaidi maji ya mto huo? Majibu mawili yakiwa ni watu wale wale, kazi ya kujitolea hudumu. Yakiwa ni watu mbalimbali, kazi hiyo hufa, hata ikihimizwa kwa ngoma na vipaza sauti. Tutaichunguza kanuni hii kwa kutazama Mang'ola, mahali ambapo maji ndiyo msingi wa uchumi wote.

2. Mahali na maji yake

Mang'ola iko katika Wilaya ya Karatu, Mkoa wa Arusha, ndani ya Bonde la Ufa, kando ya Ziwa Eyasi. Ni nchi ya joto na mvua haba. Ziwa lenyewe ni la magadi na halina mto unaotoka ndani yake. Maji yaliyoingia huondoka kwa kukauka tu.

Maji yanayoifanya Mang'ola kuwa nchi ya mashamba hayatoki katika mawingu yaliyo juu yake. Hunyesha kama mvua katika nyanda za juu za Ngorongoro na mlima Oldeani, hunywewa na udongo wa misitu, hupita chini kwa chini katika miamba ya volkano, kisha huibuka bondeni kama chemchemi. Chemchemi ya Qangded ni mojawapo ya zile mashuhuri. Kutoka hapo mifereji huyapeleka mashambani, na yanayobaki huelekea ziwani.

Hali hii ya kijiografia inatufundisha mambo mawili. La kwanza, mtunza msitu na mtumia maji hawakai mahali pamoja. Anayekata mti mlimani haoni chemchemi ikipungua, na anayefungua mfereji bondeni hauoni msitu. La pili, kwa kuwa ziwa halina pa kutokea, kila kinachotupwa katika maji haya hakisafiri kwenda bahari ya mbali. Chumvi, masalio ya dawa na uchafu mwingine hubaki katika bonde lile lile.

Wakazi wa bonde hili ni wa aina nyingi. Wamo Wahadzabe, ambao riziki yao ya asili ni kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wamo Wadatoga wafugaji, Wairaqw wakulima na wafugaji, na wahamiaji kutoka sehemu nyingi za nchi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto waliofika Mang'ola katika miaka ya 1960 walikuta jamii ya mchanganyiko ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya kuwaunganisha. Kwa hiyo mto wa Mang'ola hauna kabila. Mkutano wowote juu ya maji ambao hauna mfugaji wala Mhadzabe ni mkutano wa nusu ya wenye mto.

3. Kazi ya pamoja na kazi ya shuruti

Kazi ya pamoja juu ya maji ni ya kale katika sehemu zetu. Magofu ya Engaruka, chini ya nyanda hizo hizo za Ngorongoro, yanaonyesha mifereji na matuta ya mawe yaliyojengwa karne nyingi kabla ya ukoloni. Mfereji wa namna hiyo hauwezi kuchimbwa wala kuzibuliwa na mtu mmoja. Katika Kilimanjaro, Wachagga walikuwa na desturi ya kuusafisha mfereji pamoja, na asiyefika kazini bila sababu alitozwa faini au kunyimwa zamu. Desturi hiyo ilifunga pamoja jasho na haki.

Lakini tusiupambe wakati wa kale kupita kiasi. Miongoni mwa Watemi, ambao wageni waliwaita Wasonjo, katika Wilaya ya Ngorongoro, ugawaji wa maji uliongozwa na baraza la wazee lenye nafasi za kurithi. Waliokuwa nje ya baraza walipata maji baada ya wenye haki ya kwanza, na mara nyingine kwa kutoa mbuzi au asali. Hivyo hata katika ujima maji yaliweza kuwa chombo cha mamlaka. Tunachopaswa kurithi kutoka kwa wazee ni kanuni ya jasho kwenda na haki. Upendeleo wa ukoo hatuna haja nao.

Ukoloni ulikuja na hifadhi ya amri. Katika Mbulu, ambayo wakati ule ilijumuisha Karatu, serikali ya kikoloni iliendesha baada ya Vita Vikuu vya Pili mpango wa kufyeka mapori na kupunguza mifugo. Katika Uluguru wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na mwaka 1955 wakapinga waziwazi hadi mpango ukaachwa. Kuhifadhi udongo kulikuwa na sababu za kitaalamu. Lakini mkulima aliamriwa kufanya kazi juu ya ardhi ambayo hakuwa na sauti juu yake, na matunda ya kazi hiyo hakuyaona.

Baada ya Uhuru, kujitolea kulijenga shule, visima na barabara katika nchi nzima. Hata hivyo, pale kiongozi alipotumia mgambo kuwatoa watu majumbani, jina lilibaki la kujitolea lakini tabia ilikuwa ya shuruti. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwisha kuwaonya viongozi wenye kiburi na amri. Onyo hilo halijachakaa.

4. Kitunguu na mahusiano ya uzalishaji

Mang'ola inajulikana kwa vitunguu. Ni zao la biashara linalohitaji maji mara kwa mara, mbegu, mbolea, dawa na vibarua wengi. Tukichunguza shamba la kitunguu tutawaona watu wa aina mbalimbali: mwenye ardhi, mkodishaji aliyekuja na mtaji kwa msimu mmoja, mwenye pampu, kibarua wa kupandikiza na kupalilia, dalali, na mfanyabiashara mwenye lori. Wote wanategemea maji yale yale, lakini hawana uhusiano wa namna moja nayo.

Mkodishaji wa msimu mmoja hana sababu ya kiuchumi ya kutunza kijito atakachokiacha baada ya mavuno. Kibarua anayeosha bomba la kunyunyizia dawa mferejini hafanyi hivyo kwa kupenda uchafu. Mara nyingi hakupewa ndoo, wala mahali pa kumwaga maji hayo, wala maelezo juu ya sumu anayoishika. Mkulima mdogo anauza kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo huku bei ikihesabiwa kwa gunia. Serikali imeipiga marufuku lumbesa mara nyingi, lakini desturi hiyo ni sugu. Sehemu ya jasho lake ikichukuliwa bure, njia aliyonayo ya kufidia hasara ni kuongeza eneo, na kuongeza eneo ni kuongeza maji. Hivyo unyonyaji wa sokoni huishia mtoni. Kada anayetaka kuulinda mto asiione mizani ya sokoni kama jambo la idara nyingine.

5. Hesabu ambayo kila shina linaweza kuifanya

Itikadi isiyo na hesabu hugeuka kuwa wimbo. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000. Tuchukue kwamba katika nchi ya joto shamba linahitaji milimita 6 za maji kwa siku. Hizo ni lita 24,000. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini. Kwa hiyo ekari moja hunywa maji ya watu 960. Nusu ya maji ikipotelea njiani katika mfereji wa udongo, ekari hiyo hiyo itachota lita 48,000, yaani maji ya watu 1,920.

Tazama pia tundu katika ukingo wa mfereji. Likivujisha lita moja tu kwa sekunde, kwa siku nzima zimepotea lita 86,400. Hayo ni maji ya watu 3,456.

Hesabu hii inatuonyesha wapi pa kuelekeza nguvu ya kujitolea. Kuokota mifuko ni kazi njema, na marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 iliipunguzia mzigo. Lakini kundi la watu ishirini litakaloziba matundu, kusawazisha mfereji na kurekebisha banio huenda likarudisha mtoni maji mengi kuliko mkutano mkubwa wa upandaji miche. Wanaonufaika kwanza ni walio mkiani mwa mfereji, ambao ndio huwa wa kwanza kukosa.

6. Sheria iko upande wa nani?

Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali asilia ya nchi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo hakuna mwenye mto. Sheria hiyo inaweka matumizi ya nyumbani mbele, kisha maji ya kuhifadhi mazingira yenyewe, halafu ndipo shughuli za uchumi. Inatambua pia jumuiya za watumia maji. Bonde la Ziwa Eyasi limo chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, yenye makao makuu Singida.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni kanuni sahihi, lakini tuitazame ikitekelezwa. Mwenye jembe na bustani ndogo ukingoni huonekana upesi, akaondolewa. Mwenye pampu huweka shamba lake mita 200 kutoka ukingoni na bomba likavuka mita 60 usiku. Kama viongozi wanapima umbali wa jembe bila kukagua kibali cha pampu, wametekeleza nusu ya sheria, na nusu hiyo imemwangukia mnyonge. Kesho yake mnyonge huyo huyo ataitwa kujitolea kupanda miti mahali alipoondolewa. Tusishangae asipokuja.

Mfano wa kinyume upo jirani. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, Wilaya ya Mbulu, walipata hati za haki miliki ya kimila juu ya ardhi yao ya pamoja. Baada ya haki hiyo kutambuliwa, vijana wao wakawa walinzi wa msitu wao, na jamii ikapata mapato kwa kuuhifadhi. Kilichotangulia ni haki, ulinzi ukafuata.

7. Wajibu wa kada

Azimio la Arusha la 1967 lilitaja mahitaji manne ya maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Katika Mang'ola ardhi bila maji ni vumbi. Kwa hiyo siasa safi ya ardhi huko ni siasa safi ya maji, na kada anayo kazi mahsusi.

Kwanza, aanze na daftari kabla ya ufagio. Tawi lijue kuna mifereji mingapi, pampu ngapi, zipi zina kibali, na zamu zinagawanywaje. Orodha hiyo isomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji.

Pili, jasho liambatane na sauti. Anayefika kwenye kazi ya mfereji ahesabiwe katika kupanga zamu, akiwemo mwanamke asiye na shamba ambaye huchota maji ya nyumbani, na mfugaji anayehitaji njia ya mifugo kufika majini.

Tatu, mzigo ulingane na matumizi. Mwenye ekari kumi asitoe siku moja ya kazi sawa na mwenye robo ekari. Asiyeweza kufika atoe saruji, mawe au usafiri, na kumbukumbu ziwekwe wazi.

Nne, viongozi wenye mashamba wawe wa kwanza kukaguliwa. Kiongozi mwenye pampu isiyo na kibali hawezi kuongoza kampeni ya kulinda chemchemi. Akinyamaziwa, wananchi watajua kampeni ile ni ya nani.

Tano, bonde liwasiliane na mlima. Vijiji vya chini vishirikiane na watunzaji wa misitu ya juu, maana chemchemi huanzia huko.

Mambo haya yakifanyika, haitakuwa lazima kupiga mbiu kila mwezi. Watu hulinda kilicho chao, na wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba mto ni wao kwa vitendo kama ulivyo wao kwa sheria.

Maswali ya kujadili katika mashina

1. Katika eneo lenu, nani alifanya kazi ya mwisho ya kusafisha mto au mfereji, na nani alitumia maji mengi zaidi mwezi huo?

2. Pimeni tundu moja la mfereji kwa ndoo na saa. Kwa siku linapoteza maji ya watu wangapi?

3. Je, kuna kiongozi katika kata yenu anayechota maji bila kibali? Kikao gani kina uwezo wa kumuuliza, na kwa nini hakijamuuliza?