TANGI LA SAMAKI NA MIMEA YA MAJI

Ndugu wanafunzi, wengi wetu tumeyaona matangi ya kioo yenye samaki wa rangi madukani na katika kumbi za wageni. Mtu hudhani kazi yenyewe ni kununua tangi, kujaza maji na kutia samaki siku hiyo hiyo. Baada ya wiki moja au mbili samaki wote wamekufa, naye hajui sababu. Katika makala hii tutaeleza sababu hiyo, kisha namna ya kuandaa tangi la maji yasiyo ya chumvi, lenye mimea hai na samaki wa aina mbalimbali.

ASILI YAKE
Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, aliwaeleza wanakemia wenzake jaribio lake. Alitia katika chombo cha kioo samaki wawili wa dhahabu pamoja na mmea uitwao Vallisneria. Majani yaliyokufa yalipooza na kuchafua maji, aliongeza konokono, nao wakayala. Hapo tunajifunza kuwa tangi ni jamii: kila kiumbe kina kazi yake, na mmoja akikosekana wengine hudhurika.

KWA NINI SAMAKI HUFA?
Samaki hutoa amonia kwa mashavu na kwa kinyesi, na chakula kinachooza huiongeza. Amonia ni sumu. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haidhuru ikiwa kidogo. Mimea nayo hutumia amonia na nitrati kama mbolea. Lakini bakteria hawa huhitaji kiasi cha wiki 4 hadi 6 ili wawe wengi wa kutosha. Basi anayejaza samaki siku ya kwanza huwatia katika sumu isiyoonekana kwa macho.

MAANDALIZI
1. Tangi: Lenye urefu wa sm 60, upana sm 30 na kimo sm 30 huchukua lita 54. Maji peke yake yana uzito wa kilo 54, hivyo meza iwe imara. Liwe mbali na jua la dirishani, lisije likajaa ukijani.
2. Mchanga: Tandaza changarawe ndogo au mchanga wa mtoni, sm 5, uliooshwa mpaka maji yatoke safi. Mchanga wa pwani haufai, kwani una chumvi na chokaa ya magamba.
3. Maji: Ya bomba huwa na klorini. Yaache katika ndoo wazi kwa saa 24, au tumia dawa ya kuiondoa. Maji ya kisima chenye chumvi yasitumiwe.
4. Mimea: Vallisneria hupandwa mchangani. Anubias, mmea wa Afrika Magharibi na ya Kati, hufungwa kwa uzi juu ya jiwe. Shina lake likifukiwa huoza. Taa iwake saa 8 kwa siku. Tusichukue mimea kwenye madimbwi, maana inaweza kubeba konokono wanaoeneza kichocho.
5. Chujio: La sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa latosha. Bakteria wengi huishi humo.

SAMAKI GANI?
Anza na wawili au watatu, kisha ongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Gapi na plati hupatana, pamoja na kambare wadogo waitwao Corydoras, ambao hupenda kukaa sita au zaidi. Joto la nyuzi 24 hadi 26 huwafaa. Gapi huzaa watoto hai na tangi hujaa upesi, hivyo ni bora kuweka madume tu. Wale wenye rangi kali wa Ziwa Nyasa tusiwachanganye nao: hupigana, na huhitaji maji magumu.

UTUNZAJI
Lisha mara moja kwa siku, kiasi kinachokwisha kwa dakika mbili. Kila wiki badilisha robo ya maji. Sponji isioshwe kwa maji ya bomba, klorini itawaua bakteria. Ioshwe kwa maji uliyoyatoa tangini. Usiku mimea haitoi oksijeni, bali huitumia kama samaki. Kwa hiyo pampu isizimwe.

HITIMISHO
Anayechoka na tangi lake awape wengine, wala asimwage mtoni samaki wala mimea. Gugu maji, lenye asili ya Amerika ya Kusini, lilisambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Victoria, likaziba ghuba na kuwazuia wavuvi. Basi ndugu zetu, kiumbe tuliyemfungia ndani ya kioo hawezi kujitafutia maji safi wala chakula. Amewekwa mikononi mwetu, nasi hatuna budi kumtunza.