Giacconi: Mwanasayansi aliyerusha ‘Uhuru’ angani kutoka pwani ya Malindi

Na Mwandishi Wetu

MTOTO wa Sinza anapovunjika mkono akicheza mpira, daktari humwagiza kwanza apigwe picha ya eksirei. Mionzi hiyo hupenya ngozi na nyama lakini huzuiwa na mfupa, ndiyo maana ufa ulio ndani huonekana bila mgonjwa kupasuliwa.

Ni watoto wachache, na hata wazazi wachache, wanaofahamu kwamba mionzi ya aina hiyo hutoka pia kwenye nyota, na kwamba satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuichunguza ilipewa jina la Kiswahili na kurushwa kutoka Afrika Mashariki.

Aliyeongoza wanasayansi waliobuni satelaiti hiyo ni Riccardo Giacconi, aliyezaliwa Genoa, Italia, Oktoba 6, 1931. Alikulia Milan, akapata shahada ya uzamivu ya fizikia mwaka 1954, na miaka miwili baadaye akahamia Marekani.

Ni vyema watoto waelezwe mapema kwamba Giacconi hakuwa mnajimu wa kutabiri bahati za watu, kama wengi jijini Dar es Salaam wanavyolielewa neno hilo. Alikuwa mtaalamu wa falaki, elimu inayochunguza nyota kwa vipimo na hesabu.

Kikwazo chake kikubwa kilikuwa hewa tunayoivuta. Angahewa ya dunia huzuia eksirei kutoka angani zisitufikie. Ni kinga kwa viumbe, lakini kwa mtaalamu ni sawa na pazia nene dirishani. Njia pekee ilikuwa kupeleka vipimo juu ya pazia hilo.

Juni 18, 1962, Giacconi na wenzake walirusha roketi huko New Mexico, Marekani, wakikusudia kutafuta eksirei kutoka mwezini. Katika dakika chache ilizokuwa juu, vipimo vilinasa mionzi mikali kutoka upande wa kundi la nyota la Nge. Hicho kilikuwa chanzo cha kwanza cha eksirei kugunduliwa nje ya mfumo wa jua, na kikaitwa Scorpius X-1.

Dakika chache hazikutosha. Ilihitajika satelaiti ambayo ingekaa angani muda mrefu, ndipo macho yakaelekezwa Kenya, kwenye jukwaa la San Marco la Waitalia, lililosimikwa baharini karibu na Malindi.

Eneo hilo lipo jirani na Ikweta, ambako dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi na hivyo kuisaidia roketi kupaa. Aidha, njia ya juu ya Ikweta huikwepesha satelaiti sehemu kubwa ya chembechembe za angani zinazovuruga vipimo.

Satelaiti hiyo ilirushwa Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Kwa heshima ya wenyeji, ikaitwa Uhuru. Ilipita juu ya Afrika Mashariki zaidi ya mara 10 kwa siku, na ilifanya kazi hadi Machi 1973.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Orodha ya mwisho ya Uhuru ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Vipimo vyake vilisaidia pia kukitambua Cygnus X-1 kuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake.

Mwaka 2002 Giacconi alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, pamoja na Raymond Davis na Masatoshi Koshiba. Alifariki dunia Desemba 9, 2018, akiwa na umri wa miaka 87.

Kwa mzazi anayetaka kumwonyesha mwanawe mahali kazi hiyo ilipoanzia, wakati mzuri ni majira ya saa tatu usiku mwezi Julai. Taa za Barabara ya Shekilango hufifiza nyota nyingi, lakini umeme unapokatika, Nge huonekana juu sana, mkia wake ukiwa umejikunja.

Scorpius X-1 yenyewe haionekani kwa macho matupu. Mtoto akiuliza ni kwa nini, mzazi anaweza kuanza na ile picha ya mkono uliovunjika.