Ligeuze Uone Chesisi

Mtu akikuonyesha gari la mfano, liwe la plastiki au la waya, usianze na bodi. Ligeuze, tazama chesisi. Bodi hupakwa rangi ikapendeza. Huko chini ndiko utajua kama fundi alielewa gari linavyobeba mzigo.

Chukua gari la deraya la Rolls-Royce, ambalo Waingereza walilitumia kupigana na Wajerumani huku kwetu Afrika Mashariki mwaka 1916. Chesisi yake ilitoka kwenye gari la kifahari, Silver Ghost. Lilipovishwa mabamba ya chuma na kuwekewa mnara wa bunduki, likawa zito mno. Ikabidi springi ziimarishwe, na nyuma zifungwe tairi mbili mbili kila upande, kama unavyoona kwenye malori yanayopita Tukuyu kwenda Kasumulu. Modeli yake ikiwa na tairi moja moja nyuma, inakudanganya kwamba lilikuwa jepesi.

Lakini si kila tofauti ni uzembe. Modeli nyingi za kuunganisha ni za kipimo cha 1:35, yaani kila kitu kinagawanywa kwa 35. Gari la mita 5 linakuwa kama sentimita 14, safi kabisa. Sasa bamba moja la springi, tuseme lina unene wa milimita 7, linatakiwa liwe milimita 0.2. Plastiki nyembamba hivyo itavunjika tu, kwa hiyo kiwanda hulinenepesha. Kosa la kwanza ni la kutojua. Hili la pili ni la lazima.

Sisi tunaosomea ualimu tutakutana na jambo hilo hilo. Mlima Rungwe unauzidi mji wa Tukuyu kwa takriban mita 1,400. Ukiufinyanga kwa udongo kwa kipimo cha 1:50,000, hata sentimita 3 haufikishi. Watoto waliozoea kuuona umewasimamia kila asubuhi watacheka: mlima gani huu? Basi mwalimu anauinua. Hapo hajakosea, ila awaambie kwamba urefu wa kwenda juu umeongezwa. Asiposema, mwanafunzi atapima kwa rula, apate jibu la uongo, halafu tumwekee kosa yeye, wakati alipima vizuri.