Je, Wajua? Siagi ndiyo inayotuliza pilipili

Sosi ya mabawa ya kuku iliyovuma kutoka mji wa Buffalo, jimbo la New York, Marekani, kimsingi ina vitu viwili tu: sosi ya pilipili yenye siki, na siagi. Sifa ya kuibuni, mwaka 1964, hupewa Teressa Bellissimo wa baa ya Anchor Bar, ingawa wapo wanaomtaja John Young, aliyekuwa akiuza mabawa mjini humo miaka hiyohiyo.

Kapsaisini, kemikali inayofanya pilipili iwashe, huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Ndiyo maana siagi hupunguza ukali, na ndiyo maana kugugumia maji hakusaidii kitu ulimi ukishawaka.

Kazi iko motoni. Pasha sosi ya pilipili kwa moto mdogo, isitokote, kisha tia siagi baridi kipande kimoja kimoja huku ukikoroga, mpaka ing'ae na kushika mgongoni mwa kijiko. Ikichemka, mafuta hujitenga na kuelea juu. Usiimwage: ipua, tia kijiko cha maji, koroga kwa nguvu. Mabawa yaingie yangali ya moto, yametoka tu kukaangwa. Majarini? Itakubali, lakini ile ladha ya maziwa ndiyo basi tena.