Bima ya gari na nyumba: tusome kabla ya kutia saini

Simama asubuhi kando ya barabara ya Chake Chake kwenda Wete. Utaona gari za abiria zinapita, malori ya mchanga, vespa na bodaboda. Kila chombo cha moto unachokiona hapo kinatakiwa na sheria kiwe na bima.

Sasa tuulizane: bima hiyo ni ya nani? Wengi wetu husema, "Ni ya mwenye gari." Wengine husema, "Ati ni kodi tu, trafiki wasikukamate." Majibu yote mawili yana kasoro. Bima hiyo inatuhusu hata sisi tusiokuwa na baiskeli. Katika makala hii tutajibu maswali ambayo watu huuliza mara nyingi.

BIMA NI NINI HASA?

Tuanze na jambo tunalolijua. Nyumba ya jirani ikiungua, watu hufika. Huyu analeta makuti, yule analeta boriti, mwingine anatoa siku yake ya kazi. Mtu mmoja peke yake asingeweza kuijenga nyumba ile upya. Lakini tukiwa wengi, mzigo unakuwa mwepesi.

Bima ni mchango kama huo, ila una tofauti tatu. Kwanza, unachangwa kabla ya maafa. Pili, unachangwa na watu wasiojuana. Tatu, umeandikwa. Jirani anakusaidia kwa huruma. Kampuni ya bima inakulipa kwa mkataba. Tofauti hii ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote. Jirani hatakuuliza ulikubaliana naye nini. Kampuni itafungua karatasi na kusoma.

Pesa unayoilipa kampuni inaitwa ada ya bima. Karatasi ya makubaliano inaitwa hati ya bima. Pesa utakayolipwa ukipata hasara inaitwa fidia. Tukumbuke kwamba fidia si ya kumtajirisha mtu. Kazi yake ni kumrudisha pale alipokuwa kabla ya hasara.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1666 moto mkubwa uliuteketeza mji wa London, Uingereza. Nyumba zaidi ya 13,000 ziliungua. Miaka michache baadaye watu wa mji ule wakaanza kukata bima ya moto. Kwetu Zanzibar, Serikali ilianzisha Shirika la Bima la Zanzibar mwaka 1969. Shirika hilo lina ofisi Chake Chake. Siku hizi zipo kampuni nyingine pia. Zote zinasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, kwa kifupi TIRA, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Sheria hiyo inatumika Bara na Visiwani.

BIMA NDOGO NA BIMA KUBWA ZINA TOFAUTI GANI?

Bima ndogo ya gari jina lake hasa ni bima ya mtu wa tatu. Huyu mtu wa tatu ni nani? Hebu tuhesabu. Mtu wa kwanza ni mwenye gari. Wa pili ni kampuni ya bima. Wa tatu ni yule aliyegongwa, au aliyebomolewa ukuta wake. Bima hii inamlipa yeye. Gari yenyewe ikivunjika, mwenyewe atatengeneza kwa pesa yake. Bima hii ndiyo inayolazimishwa na sheria.

Bima kubwa inamlipa mtu wa tatu, na pia inalipa gari yenyewe ikigongwa, ikiungua au ikiibiwa. Bima hii ni hiari, na ada yake ni kubwa zaidi. Mara nyingi ada huhesabiwa kwa thamani ya gari. Tuseme kampuni inatoza shilingi 35,000 kwa kila milioni moja. Gari ya shilingi milioni 10 italipiwa:

35,000 × 10 = shilingi 350,000 kwa mwaka.

Mwaka ukiisha, bima imekwisha, hata kama hukupata ajali. Hurudishiwi pesa kwa sababu ulisalimika. Pesa yako ilikulinda mwaka mzima, na huenda imemsaidia mwenzako aliyepata ajali.

MIMI SINA GARI. YANANIHUSU NINI?

Yanakuhusu sana. Unakwenda sokoni Konde kwa miguu. Mtoto wako anavuka barabara kwenda skuli. Unapanda gari ya abiria kwenda Mkoani kupokea mgeni bandarini. Ukigongwa, wewe ndiye mtu wa tatu. Bima ile imewekwa kwa ajili yako.

Lakini tunajua mambo yanavyokwenda kwetu. Mtu anagongwa na vespa, anavunjika mguu. Jioni wazee wa dereva wanafika na maneno mazuri. Wanatoa pesa ya dawa ya siku ile. Wanasema, "Jamani, sisi ni ndugu, mambo ya polisi ya nini?" Basi yanaisha hapo. Baada ya mwezi mguu unavimba. Daktari anasema unahitaji kupasuliwa. Mgonjwa ni mchuma karafuu, na msimu umefika. Hawezi kupanda mkarafuu. Dereva naye hana kitu. Na kampuni ya bima haina habari kabisa kwamba ilitokea ajali.

Kusameheana ni jambo jema, wala hatumkatazi mtu kusamehe. Ila anayesamehe ajue anasamehe nini. Kudai fidia ya bima si kumtia dereva umaskini. Kwa bima ya mtu wa tatu, anayetoa pesa ni kampuni, na dereva alikwishalipa ada kwa kazi hiyohiyo.

Kwa hiyo, ukigongwa au ndugu yako akigongwa, fanyeni haya:

1. Andikeni namba ya gari na jina la dereva.
2. Pigeni ripoti polisi siku hiyohiyo. Ombeni fomu ya polisi ya matibabu, ile inayoitwa PF3.
3. Nendeni hospitali na fomu hiyo. Wekeni risiti zote na karatasi zote za daktari.
4. Ulizeni gari ile ina bima ya kampuni gani.
5. Pelekeni madai kwenye kampuni mapema.

Na jambo la sita, ambalo ni kubwa kuliko yote: msitie saini karatasi yoyote kabla ya kuisoma hadi mwisho. Iko karatasi inayosema umelipwa na hutadai tena. Ukiisaini leo kwa pesa kidogo, kesho mguu ukivimba huna pa kwenda. Zamani wengi wetu tulitia dole gumba, na mwingine ndiye aliyetusomea. Alitusomea alichotaka. Leo macho yetu wenyewe yanasoma. Ukiona neno hulielewi, sema, "Nipe karatasi hii niende nayo nyumbani, nitarudi kesho." Mwenye nia safi hatakataa.

KWA NINI WENYE GARI WENGINE HUNYIMWA FIDIA?

Watu husema, "Kampuni za bima ni hodari wa kuchukua, si hodari wa kulipa." Zipo kampuni zinazochelewesha, hilo hatulikatai. Lakini mara nyingi sababu imo katika hati ambayo mwenyewe hakuisoma.

Tuchukue mfano. Mtu amekata bima kubwa. Katika fomu ameandika kwamba gari ni ya matumizi ya nyumbani. Baadaye anaona nauli ni tamu, anaanza kupakia abiria. Siku moja gari inapinduka. Anakwenda kudai. Kampuni inamwambia, "Sisi tulikubaliana na gari ya nyumbani. Hii ilikuwa gari ya abiria." Ameikosa milioni 10 ili aokoe ada ya laki chache.

Sababu nyingine zinazowanyima watu fidia ni hizi: dereva hakuwa na leseni, dereva alikuwa amelewa, gari ilipakia kupita kiasi, bima ilikuwa imekwisha muda, au mwenyewe alikaa kimya miezi kadhaa kabla ya kutoa taarifa. Pia kusema uongo katika fomu. Mkataba wa bima umesimama juu ya ukweli. Ukiuficha ukweli, umeubomoa mkataba kwa mkono wako.

NA NYUMBA JE, INAWEZA KUKATIWA BIMA?

Inaweza. Hapa hakuna sheria inayokulazimisha kukatia bima nyumba unayokaa. Lakini ukikopa benki kwa dhamana ya nyumba, mara nyingi benki itakutaka uikatie.

Zamani moto wa nyumba ulitoka jikoni au kwenye koroboi. Siku hizi kuna na umeme. Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme kutoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari. Umeme umetuletea neema nyingi. Lakini waya zilizofungwa ovyo zinaunguza nyumba.

Kampuni itauliza nyumba imejengwa kwa kitu gani. Nyumba ya matofali na mabati hukubaliwa kwa urahisi. Nyumba ya makuti huwaka upesi, kwa hiyo ada yake huwa kubwa, au kampuni hukataa kabisa. Uliza mapema.

Uliza pia bima inalinda nini. Bima ya kawaida ya moto hulinda moto na radi. Mafuriko na upepo mkali mara nyingi huongezwa kwa makubaliano na kwa ada zaidi. Sisi tunaoijua mvua ya masika tusiliache swali hili. Halafu, nyumba ni kitu kimoja, na vilivyomo ndani ni kitu kingine. Kitanda, friji na cherehani havilipwi kama hukuviandikisha.

Jihadhari na mtego mmoja. Wengine husema thamani ndogo ili walipe ada ndogo. Tuseme nyumba yako ina thamani ya shilingi milioni 20, wewe umeiandikisha kwa milioni 10. Umekatia bima nusu tu ya nyumba. Moto unakula chumba kimoja, hasara ni milioni 4. Wewe unangoja milioni 4. Lakini kama hati ina sharti la thamani kamili, kampuni itakulipa nusu ya hasara:

4,000,000 × 10,000,000 ÷ 20,000,000 = shilingi 2,000,000.

Nusu nyingine utaitafuta mwenyewe.

BIMA SI RIBA AU KAMARI?

Swali hili tunaulizwa sana hapa Pemba. Hukumu ya dini waulizwe masheikh wenye elimu. Sisi tutaeleza njia iliyopo. Kuna bima inayoitwa takaful. Ndani yake wanachama hutoa mchango kwa nia ya kusaidiana. Mfuko ni wa wachangiaji, na kampuni hulipwa kwa kazi ya kuusimamia. Pesa za mfuko haziwekwi kwenye biashara ya riba. Mwaka 2022 TIRA ilitoa mwongozo wa kuendesha takaful nchini. Kwa hiyo asiyeridhika na bima ya kawaida anaweza kuulizia hiyo.

NITAJUAJE KAMA BIMA NI YA KWELI?

Matapeli wapo. Usimlipe mtu njiani kwa maneno matupu. Dai risiti. Halafu mtafute kijana mwenye simu ya intaneti. Katika mfumo wa TIRA mnaweza kuingiza namba ya gari na kuona kama ina bima, na itakwisha lini. Hata abiria anaweza kuangalia gari anayoipanda.

Na kama kampuni inakuzungusha, peleka malalamiko kwake kwa maandishi, nawe ubaki na nakala. Isipojibu, nenda TIRA. Ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa mujibu wa Sheria ile ya mwaka 2009. Nakala zako ndizo zitakazokutetea.

MAMBO MATANO YA KUSOMA KABLA YA SAINI

1. Bima inaanza lini na kwisha lini?
2. Inalinda nini?
3. Hailindi nini? Hapa maandishi huwa madogo. Vaa miwani.
4. Ukipata hasara, ni kiasi gani utabeba mwenyewe?
5. Utoe taarifa ndani ya siku ngapi?

Ndugu wasomaji, wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Tulikaa darasani jioni nyingi, tumechoka na kazi ya shamba, ili tujue kusoma. Basi na tusome pale penye faida yetu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mtu wa tatu ni nani? Je, katika shehia yetu yupo aliyegongwa asipate fidia? Kwa nini?
2. Nyumba ya milioni 12 imeandikishwa kwa milioni 6, kwa sharti la thamani kamili. Hasara ni milioni 3. Mwenyewe atalipwa kiasi gani?
3. Kuchangiana kwetu kijijini na bima vinafanana wapi, na vinatofautiana wapi?